Mkao wa mlima: kujinyoosha kunaanzia kwenye nyayo

Mwambie mtu ajinyooshe, mara moja atatupa mikono juu. Kiuno kinabonyea, mbavu zinachomoza mbele, pumzi inazuiwa, na baada ya sekunde tatu anashusha mikono akiamini kazi imekwisha. Sisi wataalamu wa tiba ya viungo tunaliona hili kila siku, ndiyo maana tunawarudisha watu chini, kwenye nyayo.

Katika yoga mkao huu huitwa Tadasana, neno la Kisanskriti lenye maana ya mkao wa mlima. Vua viatu, usimame miguu ikiachana kwa upana wa nyonga. Unyayo hubeba uzito sehemu tatu: kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole cha mwisho. Yumba polepole mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, mpaka usikie zote tatu zimekaa sawasawa sakafuni. Hapa usiharakishe. Aliyezoea kuegemea visigino atahisi vidole vikianza kuishika sakafu, na mapaja yakiamka yenyewe.

Nyoosha magoti bila kuyasukuma nyuma. Ukivuta pumzi kwa pua, inua mikono kupitia pembeni, viganja vitazamane. Mabega yasipande masikioni. Vuta na kutoa pumzi mara tano, taratibu, ndipo ushushe mikono.

Mikono ikiwa juu, misuli ya ubavuni na iliyo kati ya mbavu huvutika, kifua kikapata nafasi. Nyayo na vifundo navyo hujizoeza kulinda usawa wa mwili. Zaidi ya hayo, diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo, kwa mtu mzima karibu hazina mishipa ya damu. Lishe huzifikia kwa kupenya polepole kutoka tishu za jirani, na kubanwa na kuachiwa huchangia. Anayekaa kitini saa nyingi huziacha zimebanwa vilevile. Kwa hiyo ningependa ufanye dakika moja moja mara kadhaa kwa siku kuliko nusu saa ya Jumamosi peke yake.

Mzee, au yeyote asiye imara miguuni, asimame karibu na ukuta. Ukipata kizunguzungu, shusha mikono uikalishe kiunoni. Mwenye bega bovu ainue mkono mpaka pale maumivu yanapotaka kuanza, basi. Kuvutika ni sawa. Maumivu ya kuchoma au ganzi inayoshuka mkononi si sawa. Acha hapohapo, ukamwone daktari.