Uluru: hati mkononi, kauli mezani

Ardhi ya umma ikirudishwa kwa wenyewe, wengi hudhani habari imeishia kwenye hati. Uluru, mwamba mwekundu wa katikati ya Australia, unaonyesha kuwa hapo ndipo kazi inapoanza.

Tarehe 26 Oktoba 1985 Gavana Mkuu Ninian Stephen aliwakabidhi Waanangu, wenyeji wa asili wa eneo hilo, hatimiliki ya Uluru na Kata Tjuta, kundi la miamba lililo jirani. Siku hiyohiyo wakaikodisha ardhi yao kwa serikali kwa miaka 99, ibaki hifadhi ya taifa. Wanalipwa pango la kila mwaka na robo ya viingilio. Lakini kwangu mimi fedha si kiini. Kiini ni bodi: wajumbe 12, na 8 kati yao ni Waanangu. Ndiyo inayoandaa mpango wa kuendesha hifadhi, pamoja na Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa.

Pamoja na wingi huo, jambo lililowauma zaidi lilichukua miongo. Wageni walikuwa wakiupanda mwamba kwa kushika mnyororo uliofungwa miaka ya 1960. Njia ile ndiyo waliyopita wahenga waitwao Mala, kwa mujibu wa Tjukurpa, ambayo kwa Waanangu ni sheria, imani na historia kwa pamoja. Tena zaidi ya watu 30 wamefia pale. Kwao mgeni akifa katika ardhi yako, msiba ni wako. Hata hivyo, biashara ya utalii ilihofia hasara, kwa hiyo kwa miaka mingi Waanangu waliishia kuomba tu, kwa kibao chini ya mwamba: tafadhali msipande. Mpango wa hifadhi wa 2010 uliweka vigezo vya kuifunga njia hiyo, kimojawapo kikiwa wapandaji kupungua chini ya asilimia 20 ya wageni. Novemba 2017 bodi ikakubaliana kwa kauli moja kuifunga, na njia ikafungwa 26 Oktoba 2019.

Kwenye kudhibiti moto, maelewano kati ya Waanangu na hifadhi yalikuja mapema. Wazee na askari wa hifadhi huchoma nyasi kavu vipande vidogovidogo msimu wa baridi, hapa leo, kule mwakani, ili moto wa kiangazi ukifika ukose cha kula na wanyama wabaki na pa kujificha. Ujuzi ni wa wazee. Picha za setilaiti husaidia kuonyesha palipokwisha kuungua.

Mnyororo umeng'olewa. Ubavuni mwa mwamba umebaki mstari mweupe uliochongwa na viatu vya wageni.