Maana ya kutoa upepo kwenye breki, na magonjwa ambayo haiyaponyi

Kutoa upepo kwenye breki ni kusukuma mafuta ya breki yapite kwenye paipu mpaka yatoke kwenye nipeli (skrubu ndogo yenye tundu) iliyo gurudumuni, yakiburuta hewa iliyonaswa ndani. Basi. Kazi hiyo haiongezi unene wa pedi, haikazi shuu (vipande vinavyosugua dramu kwa ndani), wala hainyooshi diski iliyopinda. Naanza na hilo kwa sababu breki yoyote ikilalamikiwa, ushauri wa kwanza huwa "toa upepo", na mara nyingi ugonjwa ni mwingine kabisa.

Unapokanyaga breki, mguu unasukuma pistoni iliyo ndani ya masta silinda. Mafuta hayabanwi, kwa hiyo msukumo unafika mzima kwenye pistoni za magurudumuni, nazo zinabana pedi kwenye diski au kutanua shuu ndani ya dramu. Hewa, kinyume chake, inabanika kirahisi. Kiputo kikiwa njiani, sehemu ya mwendo wa pedali inaishia kukiminya, na mwendo wenyewe ulikuwa mfupi tangu mwanzo. Ndiyo maana hewa kidogo tu inatosha kuifanya pedali ibonyee kama sponji.

Swali ambalo fundi mzuri huuliza kabla ya kushika spana ni hili: hewa imeingiaje? Mfumo wa breki umefungwa. Kama juzi kuna paipu iliyofunguliwa, kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) iliyobadilishwa au kikopo cha mafuta kilichoachwa kikauke, jibu liko wazi. Kama hakuna aliyegusa kitu, tafuta panapovuja: nyuma ya magurudumu, kwenye maungio ya paipu, na kwenye masta silinda inapoungana na busta (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu). Kutoa upepo bila kuziba uvujaji ni kujipa nafuu ya siku chache. Mafuta kushuka kidogo kidogo kikoponi si lazima yawe yanavuja, maana pedi zinapolika pistoni hutoka zaidi na kuhitaji mafuta mengi nyuma yake. Kagua pedi kabla ya kujaza.

Kuna "upepo" mwingine usioingia kutoka nje, na huu ndio unaowachanganya wengi. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4, ambayo ni madaraja ya mafuta ya breki, hunyonya unyevu kadiri muda unavyopita. DOT 3 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Sasa chukua gari lenye mzigo kwenye mteremko mrefu, dereva akiwa amekalia breki. Joto linapanda, mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye kalipa, na pedali inakwenda hadi sakafuni. Breki zikipoa mvuke unarudi kuwa kimiminika, pedali inapanda, na gari likifika gereji halionyeshi kasoro yoyote. Dawa ni kubadilisha mafuta yote kwa njia ileile ya kutoa upepo, ila unaendelea mpaka mapya yatoke kila gurudumu. Watengenezaji wengi husema kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama gari limetembea kidogo.

Mguu unaeleza mengi ukiusikiliza. Pedali inayobonyea na kurudi kama ina springi ndani yake: hewa. Pedali inayokwenda chini sana, lakini ukipampu mara mbili tatu inapanda na kusimama imara: kwa magari ya dramu, mara nyingi shuu za nyuma zimelika au hazijarekebishwa, na utamwaga mafuta bure ukianza na nipeli. Pedali inayozama polepole ukiikanyaga na kuishikilia, huku nje pakiwa pakavu: raba za masta silinda zimechoka. Pedali ngumu na gari halisimami: kagua busta. Zima injini, pampu mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Gari likivuta upande mmoja au pedali ikitetemeka, kwa kawaida hilo si suala la hewa.

Kazi yenyewe inafanyika vizuri kwa watu wawili. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nipeli, mafuta yanatoka kwenye mpira mwembamba uliozamishwa kwenye chupa yenye mafuta, nipeli inafungwa, ndipo mguu unaachiwa. Mguu ukiachiwa nipeli ikiwa wazi, hewa inavutwa ndani na mnaanza upya. Kawaida huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ingawa baadhi ya magari yana mpangilio wake. Fuata kitabu cha gari. Kikopo kisikauke. Kwenye gari la zamani, usikanyage mpaka sakafuni: raba zitapita kwenye sehemu ya silinda ambayo hazijaizoea, yenye kutu na uchafu, na kuchanika. Na kama umetoa upepo ukachoka na pedali bado laini, angalia nipeli ziko wapi. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, nipeli inakaa chini, na hewa iliyo juu haitoki kamwe.

Usithubutu kujazia oili ya injini, raba zitavimba. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na nyingine, ilhali DOT 5.1 ni ndugu wa DOT 4. Mafuta ya DOT 3, 4 na 5.1 hula rangi ya gari, kwa hiyo yakimwagika osha kwa maji mara moja.

Baiskeli zenye breki za mafuta hufuata kanuni ileile, kwa kutumia sirinji badala ya mguu. Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini. SRAM kwa miaka mingi imetumia DOT, ingawa baadhi ya breki zake mpya zimehamia kwenye ya madini. Soma maandishi yaliyo kwenye leva, maana kukosea kunaharibu raba zote. Leva ikilegea baada ya baiskeli kupinduliwa, isimamishe wima na uminye leva mara kadhaa kabla ya kufungua chochote. Mara nyingi kiputo hupanda chenyewe.

Breki za waya hazina upepo wa kutolewa. Zungusha nati ya kurekebishia iliyo kwenye leva au kwenye breki mpaka pedi zisogee karibu, na kama leva bado inabonyea, kagua ganda la waya: huenda limepinda, au ncha zake hazikukatwa sawasawa.