Kaa, taa, saa: maswali ya wazazi kuhusu mtoto anayekosea sauti za maneno

Maswali haya nimeyasikia kwa wazazi, bibi na walimu wa chekechea kwa miaka mingi ya kufanya kazi na watoto wadogo. Nayajibu kwa maneno ya Kiswahili chenyewe, kwa sababu mazoezi mengi yanayozunguka yalitungwa kwa ajili ya Kiingereza. Yanamhangaisha mtoto na konsonanti za mwisho wa neno, wakati maneno yetu karibu yote huishia na irabu.

Mwanangu ana miaka minne. Kuku anamwita "tutu", kaka ni "tata", gari ni "dali". Ni uvivu wa ulimi?

Hapana, na tafadhali mama, neno hilo lisitamkwe mbele yake. Tazama anachofanya: k inageuka t, g inageuka d. K na g hutengenezwa kwa shina la ulimi kupanda nyuma ya kinywa. T na d hutengenezwa kwa ncha ya ulimi mbele, karibu na meno. Mtoto huyu anazileta mbele sauti zote za nyuma. Anakosea, lakini anakosea kwa kanuni, na kanuni hiyo ndiyo inayotuonyesha pa kuanzia.

Ukimkalisha kitako umfundishe neno "kuku" peke yake, huenda akalishika, halafu jioni atakuomba "tiatu" chake. Ukimfungulia sauti ya nyuma, k inakuja na mara nyingi g inaifuata yenyewe, pamoja na mamia ya maneno ambayo hukuyafundisha. Kwa hiyo kabla ya zoezi lolote, chukua daftari, msikilize siku mbili tatu, uandike alichotaka kusema na alichosema. Maneno 30 yanatosha kukuonyesha mpangilio.

Kwa umri gani sauti zinatakiwa ziwe zimekamilika?

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa watoto 24 wa Dar es Salaam, wa miaka 3 hadi karibu 6, ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kwanza. Kufikia miaka 3 irabu zote zilikuwa zimekamilika, na konsonanti nyingi pia. Sauti s, z na h zilikuja baadaye, kwenye miaka 4. Zilizochelewa kuliko zote ni r na th (ile ya "thelathini"), ambazo zilikamilika mtoto akikaribia kutimiza 6. Watoto 24 ni wachache, kwa hiyo usiugeuze utafiti huu kuwa sheria ya kumpimia mwanao. Hata hivyo unatuliza mioyo: Rehema wa miaka 4 anayejiita "Lehema" hana tatizo, wakati yule wa "tutu" wa umri huohuo anahitaji kuangaliwa.

Kipimo kingine ni mgeni. Mama na dada huelewa kila kitu, kwa hiyo msikilize muuza duka. Kwa kawaida mtu asiyemzoea mtoto huelewa karibu nusu ya maneno yake akiwa na miaka 2, robo tatu akiwa na 3, na karibu yote akiwa na 4. Mtoto wa miaka 4 ambaye bado anahitaji dada yake amtafsirie dukani, mtafutieni msaada sasa, msisubiri darasa la kwanza.

Bibi yake anasema akatwe udata. Wengine wanasema ni kimeo.

Udata ni ule utando wa chini ya ulimi ukiwa mfupi au mnene kiasi cha kuufunga ulimi. Upo kweli, na kwa mtoto mchanga unaweza kumsumbua kunyonya. Lakini mwambie atoe ulimi nje, kisha ainue ncha yake nyuma ya meno ya juu. Akiweza, ulimi wake hauna kifungo kinachomzuia kusema. Na kwa huyu wa "tutu", k inatengenezwa kwa shina la ulimi, mahali ambapo udata hauhusiki kabisa. Mwenye uamuzi ni daktari wa kinywa au wa masikio, pua na koo.

Kuhusu kimeo nasema bila kupindisha: msikate. Kile kinyama kinachoning'inia kooni hakiyafungi maneno ya mtoto. Kukikata kienyeji kunaleta kutoka damu nyingi na maambukizi, na wapo watoto waliopoteza maisha kwa ajili yake. Namheshimu bibi, na ninajua anasema kwa mapenzi. Mweleze kwa upole, lakini mtoto asipelekwe.

Tuanzie wapi basi?

Masikio. Usiruke hatua hii hata kama unaona anasikia ukimwita. Mtoto mwenye majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, au anayetoka usaha mara kwa mara, husikia jina lake vizuri lakini sauti nyembamba kama s, f na sh zinampita. Hawezi kutamka asichokisikia. Mpeleke apimwe usikivu kwanza, ndipo mengine yafuate.

Umetaja kusikia. Lakini mwanangu samaki anamwita "tamati", na nikisema "tamati" kumwigiza, ananikasirikia: "Si tamati, ni tamati!"

Swali zuri sana hili. Maana yake anapomsikiliza mtu mwingine anaitambua tofauti, ila akisema yeye haitambui. Hapo ndipo zoezi la jozi za maneno linapofanya kazi, na Kiswahili kimetujalia jozi nzuri.

Chora picha tatu kwenye vipande vya manila: kaa, taa na saa. (Mtoto wa bara asiyemjua kaa wa baharini, mchoree kaa la moto la jikoni.) Mtoto anayegeuza k na s kuwa t husema "taa" kwa zote tatu. Mara ya kwanza sema wewe, yeye aonyeshe picha. Cheza hivyo mpaka asikosee, hata kama itachukua siku nne. Hapo unafundisha sikio. Kisha mbadilishane: yeye ndiye mwalimu, wewe unafuata amri yake. Atataka kaa, atasema "taa". Mpe taa. Atakutazama kwa mshangao. Atarudia kwa sauti kubwa zaidi: "Taa!" Mpe taa tena, kwa upole, bila kumcheka: "Umesema taa, nimekupa taa. Au ulitaka kkk-aa?" Wakati huo mtoto anagundua, pengine kwa mara ya kwanza maishani, kwamba sauti moja inabadilisha anachopewa. Nimewaona watoto wakitulia kabisa, wakifungua kinywa, wakitafuta. Mzazi aliyekuwa akisema "sema vizuri" kwa mwaka mzima hakuwa amempa sababu. Picha tatu zimempa.

Jozi nyingine: gari na dari kwa anayepeleka g mbele, shoka na soka kwa sh na s, funga na punga kwa anayegeuza f kuwa p. Na siku r ikifika zamu yake, kula na kura, kalamu na karamu.

Anaisikia tofauti, ila kinywa hakijui kuitengeneza. Namwonyeshaje?

K: mlaze chali kwenye mkeka, aangalie juu. Ulimi wenyewe hurudi nyuma. Mwambie aigize kusukutua koo, kwanza kwa maji kidogo akiwa amekaa, baadaye bila maji akiwa amelala. Ikishindikana, nawa mikono, chukua mpini wa kijiko safi, ushikilie ncha ya ulimi chini taratibu, aseme "ta". Ncha ikizuiwa, shina hupanda na "ka" hutoka. Anza na "ku" na "ko", kwa sababu irabu hizo zinauvuta ulimi nyuma. "Ki" iache mwisho. Na maneno ya kwanza yasiwe na t ndani yake. "Kuku" na "kuni" ni mazuri. "Kiti" na "kitabu" yatamrudisha mbele.

S: mwambie ni tairi linalovuja upepo. Meno yakutane, ulimi ukae ndani, pumzi itoke ndefu. Wengi hutoa "sss" safi, lakini wakiunganisha na irabu inaruka t katikati: "sss-taa". Mfundishe kupitia h: "sss-haa", polepole, kisha haraka zaidi, na h itayeyuka yenyewe.

F: meno ya juu yaguse mdomo wa chini, apulize. Mpe kioo ajione.

P na b zikichanganywa, mwekee mkono kooni: b inatetemesha, p haitetemeshi. Kipande cha karatasi mbele ya midomo kitaruka kidogo kwa p, naye atafurahi kukiona.

R ni ncha ya ulimi kupiga mara moja haraka nyuma ya meno ya juu. Ipatie kwa "ada-ada-ada" upesi upesi mpaka ilegee kuwa "ara". Lakini usianze nayo kwa mtoto wa miaka 4 ambaye bado hana k na s. Wazazi wengi huishikilia r kwa sababu ndiyo inayosikika, wakati tatizo liko kwingine.

Akishaipata sauti, tunaendeleaje?

Kwa ngazi. Sauti peke yake, kisha silabi, kisha neno, kisha maneno mawili, sentensi, hadithi, mazungumzo. Ngazi hizi zilienea kutokana na kazi ya Charles Van Riper wa Marekani katika karne ya 20, na sisi tuna bahati kwamba ngazi ya silabi ipo tayari ukutani mwa kila chekechea: ka ke ki ko ku. Iimbeni nyumbani mkipiga makofi. Usipande ngazi mpaka kati ya majaribio 10 apate kama 8. Akianguka, shuka ngazi moja, bila maneno mengi.

Dakika 5 hadi 10 kila siku ni bora kuliko saa nzima Jumamosi, ila dakika hizo ziwe na marudio mengi, 50 au zaidi. Njia ni mchezo: kila akitamka, atupie kizibo cha soda kwenye kopo, au asogeze kete.

Na saa zilizobaki za siku? Nimsahihishe kila akikosea?

Usimsahihishe. Rudia tu kwa usahihi ndani ya mazungumzo. Akisema, "Mama, nataka tutali," jibu: "Unataka sukari? Haya, sukari hii hapa. Sukari kijiko kimoja au viwili?" Amelisikia neno mara tatu na amepata chai yake. Kumnyima kitu mpaka atamke vizuri kunamfundisha kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hafanyi mazoezi. Ndugu wakimwigiza na kumcheka, wakomesheni mara moja, hata kama mjomba ndiye anayecheka.

Kupuliza puto au filimbi kunasaidia?

Kwa sauti za maneno, hakusaidii. Apulize kwa furaha yake. Muda wa mazoezi uwe wa kutamka.

Ana kithembe. S yake ulimi unatoka nje ya meno.

Kabla ya miaka 5 subiri kwa utulivu. Akifika 6 au 7 na meno ya mbele yameng'oka, subiri yaote. Yakishaota na ulimi bado unatoka, mfundishe kufunga meno kama mlango na ulimi ubaki ndani. Kuna kithembe cha aina nyingine ambapo pumzi hupita pembeni mwa ulimi, ikisikika kama mate. Hicho huwa hakiondoki chenyewe. Tafuta mtaalamu mapema.

Nyumbani tunaongea Kisukuma pia. Je, ndicho kinachomchanganya? Tuache?

Msiache. Lugha mbili hazisababishi ugonjwa wa matamshi. Kisukuma hakina r, kama vile Kikuyu kisivyokuwa na l, kwa hiyo mtoto, na hata mtu mzima, atabadilishana r na l kwa sababu ya lugha ya nyumbani. Hilo halihitaji tiba. Mtoto mwenye tatizo halisi hukosea katika lugha zote mbili, na hiyo ni habari muhimu sana ya kumpa mtaalamu.

Lini nisisubiri kabisa?

Akipoteza maneno aliyokuwa nayo. Akikosea hata irabu baada ya miaka 3. Akitamka neno moja kwa namna tatu tofauti ndani ya dakika, au kinywa kikionekana kuhangaika kutafuta mahali pa kuanzia. Sauti ikipitia puani, hasa kama alizaliwa na mdomo sungura au kaakaa lililopasuka, hata kama ameshafanyiwa upasuaji. Asipoelewa anachoambiwa.

Anzia kliniki ya masikio, pua na koo ya hospitali ya rufaa, omba kipimo cha usikivu, na uliza kwa jina mtaalamu wa tiba ya matamshi na lugha. Katika ukanda wetu bado ni wachache, ingawa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, hufundisha fani hii. Ukipangiwa tarehe ya mbali, nenda na lile daftari lako la maneno 30, na rekodi ya dakika mbili ya simu akicheza na kuongea. Itaokoa ziara nzima.

Kwenye zoezi anasema "kuku" vizuri. Akitoka nje kucheza ni "tutu" tena. Tumefeli?

Hapana, yuko pale anapotakiwa kuwa. Kwenye zoezi anafikiria kinywa. Nje anafikiria mpira. Chagua neno moja tu la wiki ambalo analitumia kila siku, kwa mfano "kaka", na hilo peke yake mkumbushe kwa ishara ya siri mliyokubaliana, kama kugusa koo. Wiki inayofuata ongeza la pili. Siku moja utamsikia anajisahihisha mwenyewe katikati ya sentensi, "tata... kaka!", bila mtu kumwambia. Ukisikia hivyo, punguza mazoezi ya k na uanze kusikiliza sauti inayofuata kwenye daftari.