"Sisi tuna bahari": dhana potofu kuhusu moto wa nyika Mombasa

Upepo wa kaskazi ukishika, Januari hivi, nyasi za ploti zilizoachwa wazi Kisauni na Likoni hukauka kama karatasi. Hapo ndipo maneno haya husikika barazani.

"Moto wa nyika ni wa bara."

Lahaina, katika visiwa vya Hawaii, ni mji wa ufuoni kabisa. Agosti 2023 upepo mkali uliusukuma moto kutoka kwenye nyasi kavu hadi majumbani, na watu wapatao 100 wakafa. Nyasi zenyewe zilikuwa zimetamalaki kwenye mashamba ya miwa yaliyotelekezwa. Kuna walionusurika kwa kujitosa baharini, lakini bahari haikuuokoa mji.

"Moto ukija nitauona."

Nyumba nyingi huwashwa na cheche, nazo hupeperushwa mbali kuliko moto wenyewe. Moja tu ikitua juu ya makuti, au kwenye majani ya mvinje yaliyojaa mferejini mwa paa, yatosha. Kwa hivyo anza na mita 1.5 kuzunguka ukuta: pasiwe na kuni, makumbi wala makuti ya akiba. Mwembe uache, pogoa tu matawi ya chini.

"Wanaochoma taka ni wajinga, waelimishwe."

Hii ndiyo inayoniudhi. Mama anayechoma taka uani jioni anaujua moto kuliko mhamasishaji aliyetumwa kumfundisha. Anachoma kwa sababu taka hazijazolewa, na rundo limeleta panya. Mwite mkutanoni, umhutubie saa nzima, umpe na soda. Ataitikia "naam," na kesho atachoma. Kumshirikisha ni kumwuliza kwanza: unachoma wapi, lini, kwa nini? Majibu yake ndiyo mpango wenyewe. Yataonyesha taka zikusanywe wapi, na nani afyeke ploti ambayo mwenyewe yuko Ulaya. Yeye naye atakubali kuyamwagia majivu maji na kuyakoroga, maana kaa hukaa hai ndani ya jivu hata kutwa nzima. Na wapangaji waitwe jamani! Mara nyingi huitwa wenye nyumba peke yao, na wengine hata hawalali mtaani hapo.

"Kujiwekea kanuni za kuzuia moto ni mambo ya kizungu."

Kanuni si ngeni kwetu. Misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani, iliyoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, ililindwa na makatazo ya wazee tangu zamani.

"Zimamoto wapo."

Wapo, na 999 ipigwe mapema. Ila gari lao halipenyi kila kichochoro cha Mji wa Kale, na moto haungoji. Dakika za mwanzo ni za majirani: wanaojua kisima kiko wapi, nyumba gani ina bibi asiyeweza kutembea, na ufunguo wa geti la nyuma anao nani.