Bakuli la Karatasi: Kazi ya Mikono ya Kuanzia kwa Mzazi na Mtoto

Wazazi wakiniuliza waanze na kazi gani ya mikono pamoja na watoto wao, mimi kama mwalimu wa fani hii huwaelekeza kwenye magazeti ya zamani, unga wa ngano na maji. Vifurushi vingi vya kazi za mikono vinavyouzwa vimepangwa kwa namna ambayo mzazi ndiye anayekata, anayepima na anayebandika, huku mtoto akisubiri apewe kipande cha mwisho. Katika kutengeneza bakuli la karatasi, mtoto wa miaka minne anaweza kufanya karibu kila hatua isipokuwa ile ya jikoni, na bila mikono yake kazi haiendi.

Hatua ya jikoni, yaani kupika gundi, ni ya mzazi. Koroga kikombe kimoja cha unga katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha umimine mchanganyiko huo katika vikombe vitatu vya maji yanayochemka, ukiendelea kukoroga kwa dakika chache hadi uwe mzito kama uji mwepesi. Wapo wanaochanganya unga na maji tu bila kupika, lakini mimi sipendekezi njia hiyo. Moto huifanya chembechembe ya wanga ifyonze maji na kuvimba, na hapo ndipo gundi inapokuwa laini na yenye kushika sawasawa. Isitoshe, unga mbichi unaweza kuwa na bakteria, na watoto wadogo hulamba vidole. Ongeza vijiko viwili vya chumvi ili kuchelewesha kuvu, kisha uiache ipoe kabisa kabla ya mtoto kuigusa.

Gundi inapopoa, mtoto achane magazeti. Nasema achane, si akate, kwa kuwa ukingo uliochanwa huacha nyuzi zinazojishikiza kwenye kipande cha jirani, ilhali ukingo uliokatwa kwa mkasi huacha mstari unaoonekana hata baada ya kupaka rangi. Mwache ajaribu kuchana ukurasa kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwa kawaida upande mmoja utachanika kwa vipande vyembamba vilivyonyooka, na upande wa pili utakwenda kombo hata akijitahidi vipi, kwa sababu mashine ya kutengeneza karatasi hulaza nyuzi nyingi kuelekea upande mmoja. Mtoto aliyeligundua jambo hilo kwa vidole vyake mwenyewe huanza kuchunguza kila karatasi anayoikuta, na mzazi hana haja ya kuharakisha maelezo.

Geuza bakuli la kawaida kifudifudi na ulifunike kwa mfuko wa plastiki ili karatasi isigande. Wengi hutumia puto badala yake, ila vipande vya puto lililopasuka vinaweza kumkaba mtoto, kwa hiyo bakuli ni salama zaidi. Mtoto achovye kipande, akipitishe katikati ya vidole viwili ili gundi ya ziada ichuruzike, kisha akilaze na kukisawazisha kwa kiganja. Tabaka la kwanza liwe la gazeti na la pili la karatasi isiyo na maandishi, ili aone mwenyewe pale ambapo hajafika. Matabaka manne yanatosha, lakini usiyabandike yote kwa siku moja: unyevu ukinaswa ndani, bakuli huota kuvu. Weka mawili, uyaache yakauke mpaka yakigongwa kwa ukucha yatoe sauti kavu, ndipo uendelee.

Likishakauka lote, litoe na upunguze ukingo kwa mkasi. Ukingo huwa mgumu, hivyo aghalabu mzazi ndiye hukata, lakini mtoto mkubwa kidogo anaweza kusaidia. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto anahitaji mkasi uliotengenezwa kwa mkono huo, kwani katika mkasi wa kawaida msukumo wa vidole vyake huyatenganisha makali mawili, na karatasi hujikunja katikati yake bila kukatika. Nimewasikia watu wazima wakimwita mtoto wa namna hiyo mzembe, na jambo hilo hunisikitisha sana, maana kasoro ni ya kifaa.

Kwa rangi, zile za maji zinatosha. Mkisha kupaka, bakuli lifae kwa kalamu au vifungo, si kwa chakula wala kitu chenye maji. Ninachosisitiza ni kwamba mzazi asirudi usiku kulainisha makunyanzi au kujaza pembe alizoziacha mtoto. Mtoto huijua kazi yake, na akikuta imerekebishwa hataomba tena mfanye pamoja. Ukitamani lililo laini, tengeneza lako kando ya lake, kwa gundi ileile.