Nobu ya gia inapotazama mlango wa abiria

Umeinunulia Mazda Roadster yako nobu mpya, kile kichwa cha leva ya gia, umeifunga mpaka imekaza, na sasa ule mchoro wa gia juu yake unatazama mlango wa abiria. Ukizidisha nguvu haiendi. Ukiirudisha hadi inyooke, inacheza mkononi. Hapa Malindi tuktuk ndizo zinazonilisha, magari ya michezo ni ya kuhesabu, lakini kila likija kwa tatizo hili huwa limeshashikwa na koleo kwanza.

Kabla hujagusa nobu, tia gia fri, sukuma leva upande mmoja kisha uiachie. Inatakiwa ijirudie yenyewe katikati, baina ya tatu na nne. Ikirudi vizuri, kosa ni la nobu peke yake. Ikilala upande au ikilegealegea, achana na nobu: kwenye Roadster leva inazama moja kwa moja ndani ya giaboksi, hamna kebo ya kurekebisha, kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza ni bushi, ile pete ya plastiki inayoshika leva kule chini. Gari lenye injini katikati kama Toyota MR2 linatumia kebo, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Sasa hesabu. Thredi, yaani meno ya skrubu, ya leva ya Mazda ni M10 x 1.25, yaani unene wa milimita 10, na kila nobu ikizunguka mara moja inashuka milimita 1.25. Robo mzunguko basi ni 0.3 na ushei. Nusu ni 0.6 na ushei. Nobu iliyopitiliza kwa robo, inayotazama mlango wa dereva, haihitaji mabavu, inahitaji kuinuliwa hizo 0.3 tu. Ubavu wa kopo la soda una unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo vipande vitatu vinatosha.

Uviweke wapi? Paka grisi kidogo kwenye ncha ya leva, funga nobu, ifungue, umulike ndani kwa tochi. Ukiona grisi kwenye sakafu ya shimo, leva inagota huko. Kata viduara uvitumbukize ndani. Hakuna alama? Basi nobu inagota kwa kitako chake, na hapo unakata vipete vya kuvalisha leva. Iliyobakisha robo, kama hiyo yako inayotazama mlango wa abiria, ndiyo yenye kazi: lazima uiinue robo tatu, 0.94, na mimi hapo natafuta washa (pete bapa ya chuma) ya milimita moja naipunguza kwa msasa. Tepu nyeupe ya mafundi bomba naiona dawa ya kuazima.

Mimi binafsi napenda nati ya kufungia. Ishushe kwanza hadi mwisho wa thredi, funga nobu mpaka inyooke, ishike kwa kitambaa, halafu pandisha nati ikaze kwa chini. Soksi ya ngozi inayofunika shina la leva itaificha. Angalizo: nati ya M10 utakayopewa haraka dukani mara nyingi ina thredi ya 1.5, na ukiilazimisha itatafuna leva. Ile sahihi huingia kwa vidole tu. Itafute kwenye spea za magari ya Kijapani.

Kunyoosha nako kuna hila yake. Dereva wetu anakaa kulia, nobu iko kushoto kwake, kwa hiyo inayoonekana imenyooka kutoka kitini huwa imepinda. Kunja paa, simama nyuma ya gari, tazama mchoro ukifuata mstari wa konsoli, ile sehemu ya katikati ya viti.

Mwisho, gundi ya nati. Upepo wa bahari una chumvi, na nobu ya alumini juu ya leva ya chuma hushikana kwa kutu. Sugua thredi kwa brashi, futa ile grisi yote, tia tone moja la gundi ya buluu: inashika, inazuia unyevu, na siku ya kufungua zana za kawaida za mkono zinatosha. Nyekundu usiilete karibu. Kuifungua kunataka joto la nyuzi kama 250, na soksi ya ngozi haiwezi kuvumilia hilo. Iache saa 24 ikauke.

Nobu zenye pete ya kuinua kwa ajili ya reversi, kama za baadhi ya Subaru, usizizungushe kabla ya kujua pete imefungwaje.