Difu ya LSD iliyotumika: yanayosemwa na ukweli wake

Uingereza, watu wanaojiundia magari mepesi ya michezo gereji za nyumbani hupenda difu za LSD (zinazozuia gurudumu moja kuzunguka bure lenyewe) kutoka kwenye Ford Sierra na Mazda MX-5 zilizochinjwa. Zinapouzwa hupimwa kwa namna ileile: muuzaji anaiweka mezani, anazungusha upande mmoja kwa mkono, upande wa pili unafuata, naye anasema, "Umeona? LSD nzima hiyo."

Dhana hii ndiyo inayoponza watu kuliko zote. Pande mbili zikizunguka pamoja, ulichojua ni kwamba zimeshikana. Kilichozishikanisha bado hukijui. Difu ambayo wachezaji wa drift wameichomelea gia za ndani huzunguka hivyohivyo. Ile ya majimaji ya silikoni iliyoungua ikaganda, hivyohivyo pia. Halafu Torsen, aina ya LSD inayotumia gia tupu, ikiwa nzima kabisa inaweza kuzungusha upande wa pili kinyume, kama difu ya kawaida, na mnunuzi akaikataa bure. Torsen huongeza kwa kuzidisha kile ambacho gurudumu lenye mshiko mdogo linaweza kubeba. Tairi likiwa hewani linabeba sifuri, sawa na upande wa difu iliyo mezani, na sifuri uizidishe mara ngapi, inabaki sifuri.

Kwa hiyo kabla ya kupima, jua ndani kuna nini. MX-5 za kwanza za injini ya lita 1.6 zilizofungwa LSD zilikuwa za silikoni. Zilipokuja za 1.8, modeli ya 1994, ikawa Torsen. Sierra XR4x4 na Cosworth zina silikoni.

Ya silikoni ipime hivi. Bana flenji moja kwenye jiliwa, acha pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu ya injini) huru, funga mpini mrefu upande wa pili. Ukivuta taratibu inakubali, ila kwa uzito, kama unakoroga asali. Ukivuta kwa haraka inazidi kukaza. Ikizunguka kwa nguvu ya vidole tu, silikoni imevuja au imechoka. Ikigoma kabisa, imeganda. Kile kikopo chake chenye silikoni kimezibwa kiwandani, hakifunguliwi kutengenezwa, kwa hiyo usikubali maneno ya "utabadilisha majimaji tu". Ya pleti, yaani yenye pleti zinazobanwa na springi, ni rahisi zaidi: spana ya toki itakuonyesha nguvu inayozifanya zianze kuteleza, nawe unailinganisha na kipimo cha kiwanda. Ikiwa chini, pleti zimelika au springi zimelegea. Torsen inataka kufunguliwa na kutazamwa meno.

Wapo pia wanaoamini kwamba inayokaza zaidi ndiyo bora. Kwa Sierra yenye uzito wa zaidi ya tani moja, labda. Gari la kujiundia lenye kilo 600 hivi likifungwa difu ya pleti iliyokazwa mno, pua yake inasukumwa nje ya kona, na kwenye mvua ndiyo hatari zaidi. Mimi ningechukua iliyolegea kidogo.

Wengine husema, "Ikilia, badilisha oili." Oili sahihi ni lazima, na ya pleti inahitaji ile yenye kiongezi cha LSD, la sivyo itatetema kwenye kona. Lakini mlio unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta mara nyingi unatoka kwenye krauni (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) na pinioni, na meno yaliyolika hayaponi kwa oili. Toa kifuniko, paka meno rangi ya alama, zungusha: mguso ukae katikati ya jino, usikimbilie ukingoni. Krauni na pinioni husagwa kiwandani zikiwa pamoja, hivyo usichanganye ya difu hii na ya ile. Futa na sumaku ya bolti ya kumwagia oili. Uji laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole vimetoka kwenye jino au beringi.

La mwisho ni kudhani kwamba difu za gari lilelile huingiliana. Ya MX-5 1.6 ina krauni ya inchi 6, ya 1.8 ya inchi 7. Ukichukua hiyo kubwa, chukua na shafti zake za magurudumu na propela shafti yake. Uwiano nao ni tofauti: 1.6 za mwanzo zina 4.3, za 1.8 za mwanzo zina 4.1. Usitegemee kibandiko. Kifuniko kikiwa nje, hesabu meno: krauni 43 kwa pinioni 10, au 41 kwa 10.